Munkoyo Uliokataa Kuwa Mtamu

Pale Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, nyumba za kampuni zinafanana mpaka mlevi akirudi kwake anahitaji sala. Lakini nyumba ya Mado hukuhitaji kuuliza. Ulifuata tu watu wenye vikombe. Mado alikuwa mpika munkoyo, na munkoyo wake ulikuwa bora kuliko wote upande mzima wa Kolwezi. Ushahidi? Mwenyewe alikuambia kabla hujaketi. Wanawake wengine, alisema, wanakoroga uji halafu wanauombea.

Na kama wewe hujawahi kunywa munkoyo, pole yako, sikiliza. Unapika uji wa mahindi, mzito wa kusimamisha mwiko. Unauacha upoe mpaka kidole kiuvumilie. Kisha unatia mizizi ya munkoyo, ile inayochimbwa porini, imepondwa mpaka imekuwa nyuzi. Basi. Hujamaliza kugombana na jirani, uji umeshalainika, unanyweka, na umekuwa mtamu bila kuonyeshwa hata kijiko cha sukari. Ukiulaza, kesho unachachuka kidogo na kuchoma ulimi kwa raha. Mizizi ndiyo inayofanya kazi yote. Mpishi kazi yake ni kujisifu.

Mumewe aliitwa Badibanga, fundi wa pampu wa kampuni, mtu mkubwa wa mwili na mpole, asiyeweza kumfokea hata kuku. Kasoro yake ilikuwa moja tu, uongo. Si uongo wa wizi wala wa wanawake, la. Ulikuwa uongo wa kutafuta amani. Umeenda misa? Nimeenda. Sombe ina chumvi? Iko sawa kabisa. Umeumia mguu? Mguu gani? Alidanganya jinsi wengine wanavyokohoa.

Ugonjwa wa sukari ulipomwingia, alidanganya nao pia. Fundi wa pampu akawa anakunywa maji kama pampu zake, akikauka midomo, suruali ikimteleza kiunoni, na ukimuuliza anasema ni joto. Mficha maradhi, walisema wahenga, kifo kitamuumbua. Badibanga hakuumbuliwa na kifo, aliumbuliwa na sisimizi. Alikuwa na tabia ya kwenda haja ndogo pale kwenye ua nyuma ya nyumba, choo kikiwepo na mlango wake mzima, na siku moja Mado alikuta sisimizi wamejipanga pale mistari kwa mistari, wanakunywa kwa adabu kama wageni wa harusi.

"Tata Badibanga," Mado aliita kwa sauti ya kusikika mpaka barabara ya pili, "kuya uone bageni bako."

Daktari wa kampuni alimpa vidonge, na vidonge vilifanya kazi, sisimizi wakahama. Kisha kampuni yenyewe ikaanza kufa. Mgodi mkubwa uliporomoka, mishahara ikafuata, mashine zikalala, na dawa zikaisha hospitalini moja baada ya nyingine, mpaka mwisho hata mlango wa chumba cha dawa ukaondoka. Kuna mtu alikwenda nao. Sisimizi wakarudi.

Hapo ndipo Amadi alipoingia na vijiti vyake. Amadi alikuwa mfanyabiashara Mwislamu, wazee wake walitoka upande wa Kasongo, na lori lake ndilo lililokuwa likijaribu barabara za kwenda Kapanga wakati watu wenye akili walikaa nyumbani. Kule Musumba alipewa vijiti vya mti fulani ambao kila kabila lina jina lake na kila kabila linaapa ndilo lililougundua. Unavichemsha, unapata chai nyeusi, chungu ya kukunja uso mpaka kisogoni, na wagonjwa wa sukari wa kule wanainywa kabla ya kula bukari, yaani ugali.

Mado alichemsha. Wiki moja sisimizi walipungua. Wiki iliyofuata walijaa. Bunda hili lilifaa, bunda lile halikufaa, na yote yalitoka mti mmoja. Mado alimngojea Amadi barabarani akamtukana mbele ya watu.

"Amadi, ulinileteya kuni."

"Mama, wallahi, ni mti ule ule. Mi nilikata mwenyewe."

"Basi ulikata na mukono ya mukosi."

Amadi aliingia ndani ya lori lake akafunga kioo. Alikuwa mtu mwenye haya, tena kioo chenyewe hakikuwepo, aliinua kipande cha mbao.

Wakati huo huo nchi ilichafuka. Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili. Wakubwa wa siasa walikuwa wamegundua kwamba njaa yote ya Katanga imeletwa na Wakasai, watu wenye asili ya jimbo la jirani, na vijana wa chama wakaanza kupita mitaani wakiimba kwamba bilulu warudi kwao. Bilulu maana yake wadudu. Badibanga, mtoto wa Wakasai, alizaliwa hapo hapo Kolwezi, Kasai aliijua kwa ramani tu, kama alivyoijua Ulaya. Mado yeye alikuwa Mluba wa Bukama, mtoto wa Katanga kabisa, kwa hiyo kwa hesabu ya vijana wale kitanda kimoja kilikuwa na mwenye nchi upande wa ukuta na mdudu upande wa mlango.

Kiongozi wa vijana kwenye safu yao alikuwa Stany, jirani wa nyumba ya tatu, ambaye Mado alikuwa amemponya matubwitubwi ya shingo kwa majivu na makofi alipokuwa mdogo. Alikuja Alhamisi, kofia mkononi, kuomba kinywaji cha sherehe ya Jumapili.

"Mama Mado, dimanche tuko na fête. Tunataka munkoyo. Fûtu muzima."

"Fête ya nini?"

"Fête ya... ya mutaa."

"Ya kufukuza batu. Sema tu, mudomo hauwezi kuvunjika."

Stany alitazama viatu vyake. "Mama, weye uko wetu. Shida ni tata tu. Lakini sikiya. Bakubwa batakuya siku ile. Kama munkoyo iko muzuri, mi nitasimama, nitasema: ule muzee iko bwana ya mama wetu, iko mugonjwa, mumuache. Batakubali. Batu bakishiba banakubali bintu."

Mado hakumpenda Stany siku ile, ila hakuwa mjinga. Nyumba yake, mume wake, vyote vilikuwa vimewekwa juu ya fûtu moja, pipa la munkoyo, na munkoyo ndicho kitu pekee duniani ambacho hakijawahi kumwangusha. Jumamosi alipika uji kama anapikia kanisa zima. Alitia mizizi, akafunika, akaenda kuoga kwa amani.

Jumapili asubuhi alifunua. Mwiko ulikuwa umesimama wima katikati ya fûtu.

Alidhani ameota. Aliusukuma. Ukarudi polepole ukasimama tena. Alionja, ukawa uji mtupu, uji wa mgonjwa, uji usio na habari na mtu. Aliponda mizizi mingine akatia. Alipasha moto kidogo, akatia tena. Alikoroga mpaka mabega yakawaka. Uji ulimtazama tu. Na nje watu walikuwa wameanza kutoka misa, na vikombe.

Wakubwa wa chama walikaa kwenye viti vya kukodi. Stany alichota wa kwanza, akainua kikombe, akageuza mdomoni, na kitu hakikuja. Akagonga kitako cha kikombe. Likaanguka donge kifuani kwake, juu ya shati la sherehe. Watu walicheka, na Mado karibu acheke naye. Kisha mkubwa mmoja akasema bila kucheka, "Kwa nyumba ya Mukasai. Munaona sasa. Baliroga hata munkoyo." Na hakuna aliyecheka tena.

Stany hakusimama kusema lolote. Alikuwa anajifuta. Mado na mumewe walipewa mpaka mwisho wa wiki wawe wametoka.

Watu walipokwisha kuondoka, Mado alikaa kwenye kizingiti, mikono kichwani. Alikuwa na hasira iliyokosa pa kukaa. Badibanga alikuja akakaa kando yake, akafuta vumbi kwenye viatu ambavyo havikuwa na vumbi.

"Mado," alisema mwisho. "Ile dawa."

"Dawa gani?"

"Ya jana. Ulipika birika nzima. Iko chungu, Mado. Iko chungu sana. Weye ulienda kuoga, mi nikaona fûtu iko pale." Akafanya kwa mkono kama mtu anayeinamisha birika. "Nilimwanga mule."

Mado aligeuza shingo taratibu.

"Nilifikiri munkoyo iko mingi, haitasikia."

"Na zile siku zingine?"

"Zingine nilikunywa. Zingine nilimwanga mu casserole ya munkoyo. Zingine mu maua."

Sitaandika yote aliyosema Mado, maana kuna watoto wanaosoma. Alianza na Badibanga, akapanda kwa baba yake Badibanga, akazunguka ukoo mzima wa Kasai ambao hakuwahi kuuona, na akamalizia na Amadi, safari hii akilia, kwa sababu alikuwa amemtukana bure mtu mwema. Kikulacho ki nguoni mwako. Chake kilikuwa hapo kizingitini kimevaa suruali inayoteleza.

Lakini ndani ya kilio, ile akili ya mpishi ikamnyanyua kichwa. Alifuta pua.

"Ngoja. Ulimwanga mu munkoyo mara nyingi?"

"Mara nyingi."

"Na munkoyo ilikuwa tamu?"

Badibanga alifikiri. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuwa hatafuti uongo. "Ilikuwa tamu. Ya jana tu njo ilikataa."

Kesho yake mwalimu Kazadi alipita kuwaaga. Alifundisha kemia sekondari, Mkasai naye, amefungasha vitabu kwenye gunia la unga na kuiacha kabati. Mado hakumwachia hata nafasi ya kusikitika. Alimweka kitini akamweleza habari ya fûtu, ya birika, na ya maua, ambayo, kwa taarifa yako, yalikuwa mazima. Kazadi alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka na kuomba kisu.

Kila kijiti alikipasua kwa urefu. Vingine ndani vilikuwa vyeupe, safi, vya kupendeza. Vingine vilikuwa na vistari vya kijivu, vyembamba mno, vimepita katikati ya mbao kama mtu amechora kwa penseli.

"Hii ni kuvu," alisema Kazadi. "Inaishi mule ndani. Mti hauumwi, hauna habari. Sasa sikiya, mama. Mu mizizi ya munkoyo muko kitu kama mukasi. Inakata uji kipande kidogo kidogo, na uji ukikatwa kidogo kabisa unakuwa sukari. Njo maana munkoyo iko tamu."

"Hiyo najua. Sikujua jina tu."

Vitabu vya shule huiita mikasi hiyo vimeng'enya, lakini Kazadi alijua anazungumza na nani. "Na mu tumbo ya tata Badibanga muko mukasi ya namna ile ile. Anakula bukari, mukasi inakata mbiombio, sukari inajaa mu damu. Nafikiri hii kuvu inatoa kitu, na kile kitu kinashika mukasi. Haikati tena, ao inakata polepole. Mu tumbo, sukari inashuka."

"Na mu fûtu yangu," alisema Mado, "munkoyo inakufa."

"Inakufa."

Walijaribu palepale, kwa vikombe. Uji kidogo, mizizi kidogo, na chai ya kijiti kimoja kimoja. Vikombe vya vijiti vyeupe vililainika vyote vikawa vitamu. Vya vistari vingi viligoma. Lakini viwili vya vistari navyo vikalainika, na Kazadi akakuna kichwa, akasema kuvu si mmoja, wako wa aina nyingi, na kwa macho huwezi kuwatenganisha.

"Hata kuvu iko na makabila," alisema Mado.

"Laboratoire ingetufanyia miaka," alisema Kazadi. "Mashine, barua Ulaya, pesa ya bazungu. Kwa sasa mashine ni hii casserole." Kisha mwalimu akainua kidole, maana walimu hawawezi kujizuia. "Na unaona, mama, mti wenyewe si kitu. Ule mugeni anaishi mule ndani, asiyedhuru mutu, njo anafanya kazi. Ukimutoa, mti unabakia..."

"Mwalimu, usianze. Tuko na kazi."

Wiki ilikwisha wakahamia gare. Kila aliyefukuzwa alihamia gare, kungojea treni ya Kasai, na treni ilikuja ilipojisikia. Watu walilala chini ya maturubai, chini ya milango waliyoing'oa kwao, chini ya mbingu. Wengine walizaa pale, wengine walizikwa karibu na pale. Badibanga na Mado walipata nafasi ukutani, na kwa kuwa mapadri waligawa unga wa mahindi na Mado alibeba mizizi badala ya nguo, alipika munkoyo.

Ugumu ulikuwa sisimizi. Kapata, sisimizi wa Badibanga walikuwa wa Badibanga. Gare, watu elfu wanakojoa ukuta mmoja, nani atajua sisimizi wa nani? Kwa hiyo kila bunda jipya la vijiti lilipitia kwenye sufuria. Mado alitenga munkoyo kidogo, akatia chai ya bunda hilo, akangoja. Ukiwa mtamu, bunda likawa kuni. Ukigoma, bunda likawa dawa, na Badibanga alikunywa mbele yake, mbele ya majirani, akifungua mdomo baadaye kama mtoto aliyemeza kidonge.

Na gare nzima ikajua. Watu ambao hawakuwa na kitu kitamu duniani ila munkoyo wa Mado wakawa wanapita kuuliza, umegoma? Ukigoma walipiga makofi. Ukiwa mtamu waliunywa bila kumtazama Badibanga usoni.

Amadi alifika siku ambayo fununu ilisema treni imeshatoka Tenke na itakuwa hapo kabla ya jua kuzama. Alikuwa na gunia zima la vijiti kutoka Musumba, akaliweka chini. Mado alisimama mbele yake, naye alikuwa mtu asiyejua kuomba radhi, hakuwa na mazoezi.

"Amadi. Zile kuni."

"Eh, mama."

"Hazikuwa kuni. Bwana yangu njo alikuwa kuni."

"Nilijua," alisema Amadi, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Mutu hawezi kuwa na mukono ya mukosi na lori ingali inatembea."

Ndugu yake Mado alikuwa amefika pia. Kalenga, kaka mkubwa, yaya wake kwa lugha ya huko, ametoka Bukama kumchukua dada yake. Alikuwa mzito wa heshima, hakumtukana shemeji, alimsalimu vizuri. Ila maneno yake yalikuwa yale yale aliyokuja nayo: weye si Mukasai, hawakukufukuza, kule huna mtu, kuya nyumbani.

"Yeye mwenyewe anasema hivyo," alisema Kalenga. "Uliza."

Badibanga alikuwa amekaa ukutani, mguu mmoja umeanza kufa ganzi. "Enda na yaya yako," alisema. "Mi niko muzima. Sukari imetoka kabisa. Kule Kasai hakuna shida."

Ulikuwa uongo wa kutafuta amani. Mado aliujua ule uongo kuliko alivyojua harufu ya nguo zake.

Aliwasha moto. Mizizi ilikuwa imebaki ya sufuria moja tu, hakuna mingine, na Kasai huko munkoyo hawaupiki, hata mizizi yake Kazadi alisema haipatikani. Gunia la Amadi ndilo lingewapeleka njia yote na miezi ya mwanzo ya ugeni. Aliupika uji, akaupoza, akatia mizizi, kisha akachomoa vijiti kutoka juu, katikati na chini ya gunia, akavichemsha pamoja, akamwaga chai ile kwenye sufuria. Sasa hapakuwa na munkoyo wa kutenga. Ulikuwa wa mwisho.

Watu walisogea. Kazadi alikuja na miwani yake iliyofungwa uzi. Wanawake wenye watoto mgongoni, wazee waliokuwa mafundi, walikaa wakizunguka sufuria kama wanaokesha msiba, na vikombe mikononi, maana mtu ni mtu. Kalenga alisimama kando asielewe kwa nini watu wote hawa wanatazama uji.

"Wanangojea iwe tamu?" alimuuliza Amadi.

"Wanaomba isikuwe," alisema Amadi.

Wakati wake wa kulainika ulifika, ukapita. Mado alichukua mwiko, akauchomeka katikati, akauachia.

Ulisimama.

Hakuna aliyepiga makofi mara hii. Mwanamke mmoja alianza kulia tu, na wengine wakanyoosha vikombe, Mado akawagawia ule uji usio na ladha mpaka sufuria ikabaki na alama ya mwiko. Mbali kidogo treni ikasikika, na gare nzima ikainuka kwa mpigo, na milango, na magodoro, na sufuria.

Mado alifunga gunia. Kalenga alimshika mkono.

"Mado. Na kama munkoyo ingekuwa tamu?"

"Ningepanda treni vile vile, yaya. Ila ningebeba jembe ya kumuzikia."

Kalenga aliuachia mkono. Kisha akainama, akabeba gunia la vijiti begani mwake na kulipeleka mpaka kwenye behewa lenyewe, lile la kubebea makaa, lisilo na paa.

Walipata kona. Watu walibanana mpaka mtu akihema mwingine anasukumwa. Birika lilikuwa bado na chai ya vuguvugu, na Mado alimimina kikombe, akampa mumewe. Badibanga alitazama kikombe. Alitazama ukingo wa behewa, uliokuwa hapo karibu na kiwiko chake, na chini yake mawe ya reli yakianza kutembea. Mado aliona macho yake yanakwenda wapi, akakaza kamba ya gunia.

Badibanga alikunywa. Alikunywa chote, uso ukijikunja mpaka kisogoni. Kisha akainua kikombe juu ya kichwa chake mwenyewe, mbele ya watu wote wa behewa, akakigeuza kifudifudi, na kukishika hivyo muda mrefu ili mkewe aone. Hakikudondosha kitu.